Wepesi na uthabiti wa viungo: Mizani muhimu kwa kila afanyaye mazoezi

MCHEZAJI soka wa mtaani akiteguka kifundo cha mguu, ushauri anaopata aghalabu ni wa aina moja: apumzike siku chache, aunyooshe mguu, kisha arejee uwanjani. Mfanyakazi wa ofisi akilalamikia maumivu ya kiuno huambiwa anyooshe mgongo. Mama asiyepata usingizi kwa sababu ya bega huagizwa auzungushe mkono kila asubuhi.

Ushauri huo huwafaa baadhi ya watu, lakini wapo ambao huwazidishia madhara. Sababu ni kwamba viungo vya mwili haviharibiki kwa namna moja. Kuna kiungo kilichokakamaa ambacho kinahitaji kulegezwa, na kuna kilicholegea tayari ambacho kinahitaji kuimarishwa. Anayekinyoosha kiungo kilicholegea anakiongezea udhaifu, ilhali anayekibebesha vyuma kiungo kilichokakamaa hukilazimisha kuhamishia mzigo kwa jirani yake.

Wataalamu wa mazoezi huyaita mahitaji haya mawili wepesi na uthabiti. Wepesi ni uwezo wa kiungo kujongea kwa uhuru katika upana wote wa mwendo wake wa kawaida. Uthabiti ni uwezo wa kuudhibiti mwendo huo, au kuuzuia pale usipotakiwa, hasa mwili unapobeba mzigo, unaporuka au unapogeuka ghafla.

Wengi hudhani kuwa mambo haya mawili yanapingana, na kwamba mwenye misuli yenye nguvu sharti awe mgumu kama gogo. Ukweli ni kwamba kila kiungo kinahitaji yote mawili, ila kwa vipimo tofauti.

Kinachokishikilia kiungo

Kiungo ni mahali ambapo mifupa miwili au zaidi hukutana. Ncha za mifupa hiyo hufunikwa kwa gegedu, tishu laini inayopunguza msuguano. Mfupa hufungwa kwa mfupa mwenzake na nyuzi ngumu ziitwazo ligamenti, nao msuli huunganishwa na mfupa kwa kano.

Mnamo 1992, mtafiti Manohar Panjabi wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alieleza kuwa uthabiti wa uti wa mgongo hutegemea mifumo mitatu. Wa kwanza ni pingili zenyewe, visahani vilivyo baina yake na ligamenti. Wa pili ni misuli na kano zake. Wa tatu ni neva na ubongo, ambavyo hupokea habari kuhusu hali ya mgongo na kuiamrisha misuli ikaze kwa wakati na kiasi kinachofaa. Mfumo mmoja ukidhoofika, mingine hulazimika kuufidia.

Ingawa Panjabi alikuwa akizungumzia mgongo, maelezo yake yanasaidia kuelewa viungo vingine pia. Ligamenti iliyovutwa kupita kiasi hairudi kwa urahisi katika urefu wake wa awali, kwa kuwa hupata damu kidogo na hupona polepole. Misuli na neva, kinyume chake, hufundishika katika umri wowote. Ndiyo maana mtu ambaye ligamenti zake zimelegea hutibiwa zaidi kwa mazoezi ya nguvu na ya kudumisha usawa wa mwili, wala si kwa kunyooshwa zaidi.

Kila kiungo na kazi yake

Bega ndicho kiungo chenye uhuru mkubwa zaidi mwilini. Mkono wenye afya huinuka kutoka ubavuni hadi juu ya kichwa, mwendo wa takriban digrii 180. Uhuru huo una gharama yake. Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo mkubwa uliokalia kisahani kidogo kisicho na kina, mithili ya chungwa lililowekwa juu ya kifuniko cha chupa. Bila misuli inayokizunguka, kichwa hicho hakingekaa mahali pake. Hii ndiyo sababu bega huchomoka kwa urahisi kuliko viungo vingine vikubwa, na kijana aliyewahi kuchomoka bega yumo katika hatari kubwa ya kuchomoka tena.

Nyonga imeumbwa kwa mfano huohuo wa mviringo na tundu, lakini tundu lake ni refu na limekizingira vyema kichwa cha fupa la paja. Kwa hivyo nyonga hubeba uzito wa mwili bila kuteleza, na bado hukunjika kwa takriban digrii 120.

Goti nalo hufanana na bawaba ya mlango. Hukunjika kati ya digrii 135 na 140, lakini halikuumbwa kwa kupindika ovyo upande kwa upande. Ligamenti nne kuu hulizuia lisiteleze mbele, nyuma, ndani wala nje. Nyingi za ajali mbaya za goti uwanjani hutokea mchezaji anapotua au kugeuka ghafla, goti likaangukia ndani ilhali wayo umeganda ardhini.

Kifundo cha mguu hukunjika kuelekea juu kwa takriban digrii 20 tu, lakini digrii hizo chache zina thamani kubwa. Mtu hutegemea mwendo huo anaposhuka ngazi, anapochuchumaa na anapotua baada ya kuruka.

Viungo vinavyopokezana

Katika muongo wa 2000, Wamarekani wawili, kocha wa mazoezi ya nguvu Michael Boyle na mtaalamu wa fiziotherapia Gray Cook, walieneza njia rahisi ya kuyatazama mambo haya. Walisema kuwa ukianzia chini kwenda juu, viungo hupokezana mahitaji. Kifundo cha mguu huhitaji wepesi zaidi, goti uthabiti, nyonga wepesi, kiuno uthabiti, mgongo wa juu wepesi, kombe la bega uthabiti, na bega lenyewe wepesi.

Funzo kubwa la mpangilio huo ni kwamba kiungo kinachouma si lazima kiwe ndicho chenye kasoro. Mtu ambaye nyonga zake zimekakamaa akiinama kuokota debe la maji, kiuno ndicho kitakachojikunja badala yake. Akirudia kitendo hicho mara nyingi akiwa na mzigo, kiuno kitalalamika. Kukinyoosha kiuno hicho huenda kukampa nafuu ya muda mfupi, lakini chanzo kitakuwa kimesalia kwenye nyonga.

Hali ni hiyohiyo kwa kifundo cha mguu. Kikishindwa kukunjika vya kutosha, kisigino huinuka au wayo huporomokea ndani, na goti huufuata. Wakenya wengi waliokulia mashambani walichuchumaa kila siku wakipalilia, wakikoka moto au wakitumia choo cha shimo, na vifundo vyao vikadumisha wepesi wake bila zoezi lolote la ziada. Maisha ya viti, magari na viatu vya visigino huuondoa wepesi huo taratibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulibaini kuwa wanawake waliozoea visigino virefu kwa muda mrefu walikuwa na nyuzi fupi zaidi za misuli katika mashavu ya miguu na kano ngumu zaidi za kisigino.

Hata hivyo, mpangilio huo ni mwongozo wala si sheria. Goti lililofungwa plasta kwa majuma sita huhitaji kwanza kurejeshewa wepesi. Nyonga ya mtu aliyezaliwa na viungo vilegevu huenda ikahitaji uthabiti kuliko kitu kingine chochote.

Waliozaliwa na viungo vilegevu

Wapo watu ambao viungo vyao hupinda kupita kawaida tangu utotoni. Wengi wao hawana tatizo lolote, na baadhi hufanikiwa katika densi na sarakasi. Wengine huandamwa na maumivu, kuteguka mara kwa mara na uchovu.

Kipimo kinachotumika sana kuwatambua kimepewa jina la Peter Beighton, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini. Yeye na wenzake walikitumia katika utafiti wa jamii moja ya Waafrika nchini humo uliochapishwa mwaka 1973. Alama zake ni tisa. Kila upande wa mwili hupewa alama moja kidole cha mwisho kikikunjika kuelekea nyuma kupita digrii 90, nyingine kidole gumba kikigusa mkono chini ya kiwiko, nyingine kiwiko kikipinda kinyume kupita digrii 10, na nyingine goti likifanya vivyo hivyo. Alama ya tisa ni ya kuinama na kulaza viganja sakafuni bila kukunja magoti.

Kwa kigezo kilichotolewa mwaka 2017, mtu mzima wa hadi umri wa miaka 50 aliye na alama tano au zaidi huhesabiwa kuwa na viungo vilegevu kupita kawaida. Kwa mtu kama huyu, kushindana na wenzake kujinyoosha katika ukumbi wa mazoezi ni hatari. Anachokosa ni nguvu za kuudhibiti upana wa mwendo alionao tayari.

Kifundo kinachoteguka kila mara

Wachezaji wengi huamini kuwa kifundo kilichowahi kuteguka hakina tiba, na kwamba kitateguka tena na tena. Mnamo 1965, daktari Mwingereza Michael Freeman alitoa maelezo yaliyobadilisha fikra hiyo. Alieleza kuwa jeraha la ligamenti huharibu pia neva zinazoujulisha ubongo mahali wayo ulipo. Wayo unapokanyaga shimo, habari huchelewa, misuli hukawia kukaza, na kifundo hupinduka.

Dawa aliyoipendekeza ilikuwa mazoezi ya kusimama juu ya ubao unaoyumba, ili neva na misuli zifundishwe upya kushirikiana. Tangu wakati huo, tafiti nyingi zimeonyesha kuwa mazoezi ya kudumisha usawa hupunguza uwezekano wa kifundo kuteguka tena.

Asiye na ubao huo anaweza kusimama kwa mguu mmoja anapopiga mswaki. Akizoea, asimame hivyo akirushiana mpira na mwenzake, kisha akanyage sehemu laini kama vile mto. Kuruka kamba, mchezo unaojulikana katika kila shule ya msingi, pia ni zoezi zuri pindi maumivu yanapokwisha.

Si kila mwanaspoti anahitaji kipimo kimoja

Kiasi cha wepesi anachohitaji mtu hutegemea kazi anayoifanya. Kano ya kisigino ya mkimbiaji hufanya kazi kama springi: huhifadhi nguvu wayo unapokanyaga na kuirudisha unapoinuka. Utafiti wa mwaka 2002 kuhusu wanariadha wanaume wa kiwango cha kimataifa ulibaini kuwa wale ambao hawakuweza kuinama mbali kufikia vidole vya miguu ndio waliotumia oksijeni kidogo zaidi katika mwendo uleule. Mtimkaji wa mbio ndefu, basi, hahitaji unyumbufu wa mwanasarakasi. Anachohitaji ni nyonga na vifundo vinavyojongea vya kutosha hatua yake, pamoja na kiwiliwili kisichoyumba. Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathon ya Berlin ya mwaka 2022 kwa saa 2:01:09, amekuwa akichanganya mbio zake na vipindi vya mazoezi ya mkekani na ya mikanda ya mpira katika kambi ya Kaptagat.

Mrusha mkuki ana mahitaji tofauti kabisa. Julius Yego alipotwaa ubingwa wa dunia jijini Beijing mwaka 2015 kwa mtupo wa mita 92.72, bega lake lilihitaji kwenda nyuma sana kabla ya kuachilia mkuki, kisha misuli ilisimamishe mkono baada ya kuachilia. Wepesi bila breki hizo ungeliharibu bega, nazo breki bila wepesi zisingempa umbali.

Ushahidi kutoka uwanja wa soka

Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, likishirikiana na watafiti wa Norway na Marekani, lilibuni mpango wa kupasha mwili moto uitwao FIFA 11+. Una mazoezi 15 yanayochukua takriban dakika 20. Huanza kwa mbio za polepole zinazofungua nyonga, hufuatwa na mazoezi ya nguvu, usawa na kuruka, kisha humalizika kwa mbio za kasi zenye kugeuka. Mchezaji hufundishwa kutua huku goti likielekea upande wa vidole vya mguu, lisiangukie ndani.

Mpango huo ulijaribiwa Norway kwa wasichana 1,892 wa umri wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Miongoni mwa waliofuata mpango huo, hatari ya majeraha kwa jumla ilipungua kwa takriban thuluthi moja, nayo ya majeraha mabaya kwa karibu nusu. Hauhitaji mashine yoyote, hivyo hata timu ya kijijini inaweza kuutumia. Kinachohitajika ni kocha mwenye subira ya kuurudia angalau mara mbili kila juma, maana wachezaji huuchukia mwanzoni.

Kunyoosha misuli: lini na vipi

Mtindo wa kukaa chini na kushikilia vidole vya miguu kabla ya mechi umepitwa na wakati. Kuuvuta msuli mmoja bila kujongea kwa zaidi ya sekunde 60 hupunguza kidogo nguvu na kasi yake kwa muda. Kabla ya mazoezi, afadhali mtu atembee haraka, ainue magoti, azungushe mikono na achuchumae polepole. Kunyoosha kwa muda mrefu kufanywe baadaye, mwili ukiwa bado na joto, au katika kipindi chake maalumu.

Isitoshe, si lazima wepesi utafutwe kwa kunyoosha pekee. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2021 haukuona tofauti kubwa kati ya kunyoosha misuli na mazoezi ya nguvu katika kuongeza upana wa mwendo. Anayechuchumaa hadi chini akiwa na uzito unaomfaa, na kuinuka bila kuyumba, hujipatia wepesi na uthabiti kwa zoezi moja.

Namna ya kujipima nyumbani

Kabla ya kuamua kunyoosha au kukaza, mtu anafaa kujiuliza swali moja: je, kiungo hakifiki, au hufika kikisaidiwa tu?

Kwa mfano, lala chali na uinue mguu mmoja ukiwa umenyooka, bila msaada wowote. Kisha uvute mguu huohuo kwa leso au mkanda. Ukikwama palepale mara zote mbili, huenda kuna ugumu unaohitaji kulegezwa. Ukiinuka zaidi kwa mbali ulipovutwa kuliko ulipoinuliwa na misuli yake yenyewe, basi kuna upana wa mwendo usiodhibitiwa, na kinachohitajika ni nguvu.

Kifundo cha mguu hupimwa ukutani. Weka wayo sakafuni, ncha ya kidole kikubwa ikiwa sentimita 10 kutoka ukutani, kisha peleka goti mbele liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Linganisha miguu yote miwili; tofauti kubwa baina yao ni jambo la kushughulikiwa.

Uthabiti nao hupimwa kwa kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10, kisha kwa kujishusha kidogo kwa mguu huo mbele ya kioo. Goti likiangukia ndani au nyonga ikining'inia upande mmoja, misuli ya makalio inahitaji kuimarishwa. Mwenye umri mkubwa afanye kipimo hiki akiwa karibu na meza au ukuta.

Ratiba rahisi ya juma

Kwa mtu mzima asiye na jeraha, vipindi vitatu vya dakika 20 hadi 30 kwa juma vinatosha kuanzia. Kila kipindi kianze kwa dakika tano za kujongeza vifundo, nyonga, mgongo wa juu na mabega. Kisha zifuate zoezi la kuchuchumaa, la kuinama kwa nyonga huku mgongo umenyooka, la kusukuma ardhi au ukuta kwa mikono, na la kuvuta kitu kuelekea kifuani. Hatimaye mtu ashikilie mwili ukiwa umenyooka juu ya viwiko na vidole vya miguu kwa sekunde chache, na asimame kwa mguu mmoja kila upande.

Uzito uongezwe pale tu mwendo unapofanyika kikamilifu bila kutetemeka. Haraka haraka haina baraka, hasa kwa ligamenti, ambazo huchukua muda mrefu kuliko misuli kuzoea mzigo mpya.

Wazee wasiachwe nyuma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza watu wazima wote wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa juma, na wenye umri wa miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya usawa na nguvu siku tatu au zaidi ili kuzuia kuanguka. Kuinuka kitini bila kutumia mikono, mara kumi kwa siku, ni mwanzo mwema.

Wakati wa kumwona mtaalamu

Uchovu wa misuli unaotoweka baada ya siku moja au mbili si jambo la kutisha. Lakini mtu aende hospitalini iwapo kiungo kimevimba ghafla, goti linakwama au kulegea anapotembea, hawezi kuukanyagia mguu ulioumia, au maumivu yanamwamsha usiku. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi katika mapaja, udhaifu wa miguu au kushindwa kuzuia mkojo ni ya dharura.

Bega au kiungo kingine kilichochomoka kisivutwe na mkandaji wala mwenzake uwanjani. Kivutwe na mhudumu wa afya aliyehitimu, kwani neva na mishipa ya damu hupita karibu sana na mfupa. Baada ya kurudishwa, mgonjwa aulize pia kuhusu mazoezi ya kukiimarisha. Wengi huishia kwenye dawa za maumivu, kisha hurudi hospitalini kiungo kilekile kikiwa kimechomoka mara ya pili.